Washairi Wawili, Sanduku Moja

Shairi lilitoka gazetini Jumamosi, na kufikia Jumatatu saa nne asubuhi Mkurugenzi wa mamlaka ya maji alikuwa amelikariri lote, beti saba, bila kupenda. Hakuwa mtu wa mashairi. Mara ya mwisho kukariri kitu ilikuwa shuleni, tena kwa fimbo. Lakini hili lilikuwa limemganda kichwani kama wimbo wa tangazo la sabuni, na kila alipofumba macho ubeti wa pili ulianza wenyewe:

Bomba limezinduliwa, mbele ya watu wazima,
Makoti yakavaliwa, na makofi yakavuma,
Boza likasogezewa, ukutani kule nyuma,
Bomba maji limepewa, ni maji ya kuazima.

Mji mzima uliuona uzinduzi huo, na asiyeuona alisimuliwa. Mgeni rasmi alikata utepe, akafungua koki, maji yakaruka kwa kishindo, akanawa uso mbele ya kamera na kusema kwamba ahadi imetimia. Kesho yake koki ile ile ilitoa upepo. Mamlaka ikatoa taarifa kwamba mfumo uko katika kipindi cha kujizoesha, na wananchi waendelee kuwa wavumilivu, kazi ambayo wananchi walikuwa na uzoefu nayo kuliko mfumo.

Habari za boza, lile gari la maji lililofichwa nyuma ya ukuta na kuunganishwa na bomba kwa mpira, zilijulikana na watu watano tu: dereva wake, mafundi wawili, Mkurugenzi mwenyewe, na mama wa masjala aliyetumwa kumpelekea dereva karatasi ya kusaini. Sasa zinajulikana na kila mwenye macho, tena kwa vina.

Hata hivyo kilichomtoa jasho Mkurugenzi hakikuwa shairi. Kilikuwa mstari mdogo chini yake, maana gazeti lile haliwachapi washairi wasio na makao. Kila shairi hufuatwa na jina na anwani, na hapo palikuwa pameandikwa: Ngurumo ya Wanyonge, S.L.P. 414.

Sanduku la barua namba 414 lilikuwa la mamlaka ya maji.

*

Alimwita mama wa masjala. Ofisi nzima ilimwita Mama Funguo, kwa sababu alitembea na funguo za makabati yote kiunoni na alisikika akija kabla hajaonekana. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua posta, kuzigonga muhuri, kuzigawa, na kuyahifadhi mafaili. Alikuwa ameifanya kwa miaka tisa kama kibarua wa muda. Muda wenyewe ulikuwa umezaa, umekuza, na sasa ulikuwa unaelekea kuota mvi.

"Mama, ufunguo wa sanduku la posta anao nani?"

"Ninao mimi, mzee."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna, mzee. Ule wa pili ulipotea wakati wa mkurugenzi aliyepita."

Mkurugenzi aligeuza gazeti, akalisukuma mezani kwa ncha ya kalamu, kana kwamba lingemchafua. "Huyu mtu umewahi kuona barua zake humo?"

Mama Funguo aligusa funguo kiunoni. Barua za wasomaji kwa Ngurumo alikuwa akizibeba kwenye mkoba wake kila wiki, miaka minane sasa, pamoja na nyanya. "Barua ni nyingi, mzee. Mimi naangalia mihuri tu."

"Unaelewa alichonifanyia? Mtu aingie chumbani kwako, avae kandambili zako, halafu akupige nazo!" Akafungua droo, akatoa karatasi. "Hii ni orodha ya vibarua wanaothibitishwa kazini. Wako kumi na mmoja. Wa kumi na moja ni wewe. Naisaini Jumatatu ijayo. Kabla ya hapo nataka jina la Ngurumo, jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, si la kwenye mashairi. Nikilikosa, orodha itaishia kumi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Nakutegemea wewe, mama. Humu ndani wewe ndiye mtu wa kimya."

Hivyo ndivyo mke alivyopewa wiki moja ya kumsaka mumewe.

*

Mume alikuwa fundi saa. Enzi hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, kwa hiyo fundi alikuwa na nafasi kubwa ya kutunga. Alikuwa na meza yenye kioo barazani kwa nyumba yao, kioo cha kukuza cha jicho moja, na makopo ya vipuri ambavyo wenye saa zake walishafariki. Jumatatu hiyo alikuwa amelibandika shairi kwenye kioo cha meza, na tangu asubuhi wateja walikuwa wakifurika. Hakuna aliyeleta saa. Walikuja kumshika mkono.

"Ngurumo, umewachana!" kinyozi wa jirani alikuwa akisema Mama Funguo alipofika. "Hayo maji ya kuazima, ubongo wako umeyatoa wapi?"

"Mshairi huona," alijibu fundi kwa sauti nzito ya kinabii. Alikuwa ameona nini? Siku ya uzinduzi alikuwa hapo hapo barazani, akitafuta skrubu iliyomwangukia.

Mama Funguo alimpita bila salamu. Fundi alimfuata ndani, bado na kioo jichoni.

"Mke wangu, mhariri kanipigia mwenyewe! Anasema simu hazipoi. Anasema tangu ukurasa wa mashairi uanze..."

"Toa hicho kioo jichoni nikuambie kitu."

Akakitoa. Akaambiwa. Alikaa kitandani taratibu, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini.

"Lakini anwani ni ile ile ya siku zote," alisema mwisho.

"Ndiyo. Anwani ya ofisini kwangu. Umemtukana bosi wangu kwa anwani ya bosi wangu."

"Sijamtukana. Nimemkosoa kisanaa."

Binti yao, aliyekuwa akisomea ushonaji na ndiye aliyekuwa akiyachapa mashairi kwenye simu na kuyatuma, alisema kutoka mlangoni, "Baba, nilikuuliza. Nilikuuliza kabisa, 'Anwani ile ile?' Ukaniambia, 'Mshairi habadilishi anwani.'"

"Kalete maji," alisema baba.

"Maji yapi?"

Swali hilo halikupata jibu mjini, sembuse chumbani mle.

Ilibidi fundi ajitetee, akajitetea. Alikumbusha kwamba sanduku lao wenyewe hawana, kwamba gazeti halichapi shairi bila anwani, kwamba kwa miaka minane 414 haikumdhuru mtu. Hilo lilikuwa kweli. Kwa miaka minane Ngurumo ya Wanyonge alikuwa ameandika juu ya ajali za barabarani, matokeo ya mitihani na bei ya sukari. Alikuwa amezilaani vita saba za nchi za mbali, na hakuna jenerali hata mmoja aliyeandika kulalamika. Mambo ya karibu hakuwahi kuyagusa, mpaka jioni ile mkewe aliporudi na kisa cha boza.

"Na tena wewe ndiye uliyeniambia," alimalizia, na hapo hapo akajuta.

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia wasomaji."

Fundi akanywea. Maana ni kweli alikuwa ameambiwa yeye. Kila jioni kwenye chakula mkewe alimletea ofisi nzima mezani. Alishika kijiko kama kipaza sauti, akavimbisha mashavu, akawa Mkurugenzi. Alishusha miwani ya kufikirika, akawa mhasibu. Siku ya boza alikuwa ameigiza mpaka mpira wa maji ulivyochomoka na kumlowesha fundi bomba suruali huku mgeni rasmi, upande wa pili wa ukuta, akishukuru. Fundi alicheka mpaka tonge likampalia na binti akampiga mgongoni. Watu hawa hawakuwa na televisheni, wala hawakuihitaji. Saa ile ya chakula ndiyo iliyokuwa starehe yao, na mwanamke huyu aliyeshinda kimya kutwa nzima aliingoja kuliko mshahara. Kisha mume aliondoa vyombo, akahesabu mizani kwa vidole, akaiuza starehe hiyo kwa mhariri bure.

Bure kabisa. Gazeti lile liliwalipa washairi wake kwa heshima.

*

Kesho yake Mama Funguo aligonga mlango wa Mkurugenzi kabla hajaitwa. Alikuwa hajalala vizuri, na usingizi uliokosekana ulikuwa umempa ujasiri wa aina fulani.

"Mzee, jina bado sijalipata. Ila naomba niseme neno."

"Sema."

"Ukimkamata huyu mtu ukamfukuzisha au ukamshtaki, watu watasema kumbe habari za boza ni kweli."

Mkurugenzi alilikunja gazeti. Zilikuwa za kweli, na hilo lilimkera kuliko yote.

"Kwenye ukurasa ule, mzee, mshairi hujibiwa kwa shairi. Mmoja akisema, mwingine anamjibu wiki inayofuata. Wasomaji wanasahau jambo lenyewe, wanabaki kushindanisha vina. Nimeyasoma... nimesikia watu wakiyasoma."

Mkurugenzi aliegemea kiti. Wazo lilimwingia polepole, na lilipofika lilimkuta ameanza kutabasamu. "Na wa kumjibu tutampata wapi?"

"Nitatafuta, mzee. Nikimpata, lile jina..."

"Lete shairi kwanza. Beti saba, zisipungue. Na anwani iwe hiyo hiyo, 414. Watu waone kwamba taasisi yetu ina uhuru wa maoni."

*

"Sitaandika," alisema fundi saa. "Mshairi hajijibu. Ni sawa na mtu kujipigia magoti."

"Sawa."

"Nina jina mimi. Watu wananitegemea. Wanyonge..."

"Mnyonge ni mimi!" Mama Funguo hakuwa mtu wa kupaza sauti, na alipoipaza binti aliacha kukanyaga cherehani. "Miaka tisa. Nikiumwa siku moja, siku hiyo silipwi. Walioajiriwa juzi wananituma chai. Mwaka jana kwenye picha ya wafanyakazi niliambiwa nisogee pembeni kwa sababu mimi si mfanyakazi, mimi ni kibarua, na nikasogea. Nikatabasamu nikiwa nje ya picha. Hilo sikukusimulia, kwa sababu halichekeshi."

Fundi aliangalia mikono yake. Alitaka kumshika bega, akaona aibu, akachukua karatasi badala yake.

Aliandika siku nzima ya Jumatano, barazani, saa tatu za watu zikiwa zimefunuliwa matumbo mbele yake. Kufikia mchana uso ulianza kumng'aa. Alikuwa amegundua mlango wa kutokea. Angemsifu Mkurugenzi kupita kiasi, ampake mafuta mpaka ateleze, ili kila mwenye akili ajue kwamba anadhihakiwa. Mjinga angesoma sifa na mwerevu angesoma kejeli, kwa hiyo heshima ya Ngurumo ingebaki salama ndani, kama pesa iliyoshonewa kwenye pindo. Alimsomea binti:

Ngurumo una utani, hujui mambo ya maji,
Boza lile ukutani, halikuwa mgawaji,
Mkurugenzi makini, ni baba wa huu mji,
Mwimbieni, mwimbieni, aliyewapeni maji.

"Unaona?" alisema, akikonyeza. "Mwimbieni, mwimbieni! Maji yenyewe yako wapi? Unaona nilichokifanya?"

"Naona umemsifu," alisema binti. "Mshairi huyu tumwiteje?"

"Mpenda Maendeleo."

Akalituma.

*

Jumamosi gazeti lilipotoka, fundi alifungua meza mapema akangoja mwerevu wa kwanza.

Alikuja kinyozi, na gazeti amelikunja kama rungu. "Umeona huyu mpambe? Umeona? Ati baba wa huu mji! Huyu si mshairi, huyu ni mdomo wa kukodi."

"Labda..." Fundi alikohoa. "Labda anakejeli. Soma vizuri hapo penye mwimbieni."

"Kejeli gani? Huyu kalipwa. Mtu wa hivi ana mke kweli? Ana mtoto wa kumwangalia usoni?"

"Anaweza kuwa naye."

"Basi namhurumia huyo mtoto. Mjibu, Ngurumo! Mchambue! Usimwache." Akalifungua tena, akasoma kwa midomo, na haki ikamzidi nguvu. "Ila tuseme ukweli, vina vyake vimetulia kuliko vyako."

Kufikia jioni watu kumi na wanne walikuwa wamekuja kumtukana Mpenda Maendeleo mbele ya Mpenda Maendeleo. Mwanamke mmoja mwenye ndoo tupu alisema watu kama huyo ndio wanaomfanya aamke alfajiri kutafuta maji. Mwalimu mstaafu, aliyejulikana kwa kusoma kila kitu mara mbili, alisema kwamba kwa mawazo yake shairi la pili limelizidi la kwanza, na kwamba habari za boza huenda zilikuwa chuki binafsi. Mwerevu aliyesubiriwa hakutokea.

Mhariri alipiga simu kumwomba Ngurumo amjibu mpinzani wake upesi, kwani gazeti lilikuwa limeuzika. Akauliza pia, kwa mshangao wa kawaida, ni sanduku gani hilo lenye washairi wawili.

"Kubwa," alisema fundi, akakata.

*

Jumatatu Mkurugenzi alikuwa ameshalitia shairi la Mpenda Maendeleo kwenye fremu. Lilikuwa ukutani, baina ya kalenda na picha ya uzinduzi. Alisaini orodha mbele ya Mama Funguo, majina yote kumi na moja, akampa barua yake ya kuthibitishwa kwa mikono miwili, kama cheti.

"Hongera, mama. Sasa wewe ni mfanyakazi kamili."

"Ahsante, mzee. Ahsante sana." Macho yalimjaa machozi, na hakuona sababu ya kuyaficha. Miaka tisa ni miaka tisa, hata ikilipwa kwa shairi.

"Na kuna hii. Wafanyakazi wa kudumu wote wanasaini."

Ilikuwa fomu ya kiapo cha kutunza siri. Aliisoma yote, tabia ya watu wa masjala. Mfanyakazi hataeleza habari yoyote ya ofisi, kwa mdomo au kwa maandishi, kwa mtu yeyote asiyehusika, pamoja na mwenzi wa ndoa. Maneno ya mwisho yalikuwa yameongezwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa Mkurugenzi.

Akainua macho. Mkurugenzi alikuwa akimwangalia bila hasira yoyote.

"Mimi si mshairi, mama, lakini kuhesabu najua. Sanduku moja, ufunguo mmoja. Nilijua Jumatatu ile ile, kabla hujafunga mlango." Akamsogezea kalamu. "Mwezi ujao tunazindua tangi jipya. Mwambie mzee nyumbani, beti saba. Na ile mwimbieni mwimbieni airudie, wakubwa wameipenda."

Mama Funguo alisaini.

*

Jioni binti aliandaa meza vizuri kuliko kawaida, kwa ajili ya barua. Ilisomwa, ikapitishwa mkono kwa mkono, ikawekwa mbali na mchuzi. Fundi alimshika mkewe bega, safari hii bila aibu, akamwambia kwamba ameistahili tangu mwaka wa kwanza. Mkewe akamwambia kuhusu tangi jipya na beti saba.

"Kanunua mshairi, huyo?" fundi alifura. "Mimi sinunuliki!"

"Hajataja bei," alisema mkewe.

Fundi alitafuna kwa muda. "Zinatakiwa lini?"

"Mwezi ujao."

"Anwani ile ile?" aliuliza binti. Hakuna aliyemjibu, naye akachukulia kwamba ni ile ile.

Chakula kiliendelea. Fundi aliweka kalamu kando ya sahani, akajiweka sawa kitini kama afanyavyo mtu aliyefika ukumbini mapema. "Haya, mama. Tupe. Leo bosi alikuwaje? Alipoisaini ile orodha alivimbisha mashavu?"

Mkewe alinyoosha mkono kwenye kijiko. Alikishika katikati, kama kipaza sauti, na binti akaanza kucheka kabla ya wakati. Halafu akakitumbukiza kwenye mchuzi, akala.

"Nimesaini kiapo," alisema. Akamweleza mumewe kilichoandikwa, pamoja na yale maneno ya kalamu.

"Ah, hiyo karatasi tu! Nani atajua? Tuko watatu hapa."

"Na boza tulikuwa watatu hapa hapa."

Fundi alisogeza kalamu mbali na sahani. Walimaliza kula wakiongelea ushonaji.

Baadaye kidogo, mkewe akiwa jikoni anaosha vyombo kwa maji ya ndoo, alianza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikafunguka, kikawa kicheko chote, kile cha mezani, kile cha kushika mbavu. Kitu fulani kilikuwa kimetokea ofisini siku hiyo, baada ya kiapo, kitu kikubwa kuliko boza. Fundi alikiacha kiti akasimama mlangoni, kalamu mkononi, uso umeshaanza kucheka kwa kumfuata.

"Nini? Hebu niambie. Siandiki, haki siandiki, niambie mimi tu."

Alimtazama. Alitaka kumwambia kuliko alivyowahi kutaka kitu, na mumewe aliliona hilo, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hakuna kitu," alisema.

Akaendelea kucheka peke yake mpaka kikaisha, akajifuta macho kwa mkono wenye povu, kisha akamwomba amsogezee ndoo.